Jino la Tarumbeta ya Kwanza

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Kila masika naandika, kwa sababu bendi ya manispaa huhamia ndani, kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji ya magari ya taka, na mtu akifungiwa humo na wapulizaji wenzake miezi mitatu asipoandika atapigana.

Mimi ndiye tarumbeta ya kwanza. Naliweka wazi mapema, ili atakayeokota daftari hili ajue anasoma habari za nani. Kiti cha pili amekikalia shemeji yangu, kaka yake mke wangu, na tangu tuanze anasubiri niugue. Anasema hivyo mwenyewe mbele za watu, huku akinimiminia chai.

Masika yakiisha tunahamia bustanini, na onyesho letu la kwanza humalizika kwa tarumbeta moja, peke yake, kwenye roshani ya jengo la manispaa. Wimbo unaanza chini, unapanda taratibu, na mwisho kuna noti moja ya juu ambayo watu huishikia pumzi. Noti hiyo ni yangu. Shemeji anaijua, kiongozi wa bendi anaijua, hata wauza karanga wa bustanini wanajua wasipige kelele ikifika.

Alhamisi, 7 Machi

Dirisha la sebuleni halifungi vizuri na upepo wa mvua unaingia. Mke wangu amelibana kwa meno yangu.

Sisemi yaliyomo kinywani. Binti yetu, kifungua mimba, alipokuwa chuoni akisomea ufundi wa meno, alitukalisha wote jikoni, akatujaza midomo uji mzito wa rangi ya waridi, ulipoganda akautoa na kumimina plasta. Ndivyo tulivyopata vinywa vya familia nzima. Cha mama yake kinakandamiza karatasi. Changu ndicho kizito, kwa hiyo kinabana dirisha, na anayepita nje analiona jino langu la mbele la kulia, lile lililogeuka upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Kwa ajili ya jino hilo sijawahi kupigwa picha nikiwa nimefungua mdomo. Kwenye picha ya harusi nimeubana kabisa, na mke wangu anaonekana kama anaolewa na mtu aliyeletwa na polisi.

Nilitaka binti awe mpulizaji. Sikio analo, kunizidi. Alikuwa na miaka saba tu, nikifanya mazoezi ananiambia kutoka chumbani, "Baba, umeteleza hapo." Akaenda kuchagua meno. Nilimuuliza ni kazi gani hiyo, kushinda umeinamia meno ya watu usiowajua. Akaniuliza na mimi nawajua wangapi kati ya wale ninaowapulizia. Sasa yuko kwa majaribio kwenye maabara iliyo nyuma ya kliniki ya meno, na sijawahi kwenda kumwona akiwa kazini.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mazoezi. Shemeji kaniuliza kama naumwa. Siumwi.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeanguka. Nitaandika yalivyotokea, kwa sababu shemeji ameshaanza kuyasimulia kwa namna yake.

Ngazi za ukumbi zilikuwa zimelowa, na maji ya gereji yana mafuta. Nilikuwa nashuka na tarumbeta ndani ya koti, nje ya sanduku lake, ili niwahi kabla mvua haijazidi. Mguu ulipoteleza nilikuwa na nafasi ya kuokoa kitu kimoja. Mtu mwingine angeshika chuma cha pembeni. Mimi niliikumbatia tarumbeta kwa mikono miwili, tukashuka pamoja, na tulipofika chini ni yenyewe iliyonigonga mdomoni. Haina hata mkwaruzo. Nalisema hilo kwa fahari, na nitalisema kwa yeyote atakayeuliza.

Jino lililogeuka limevunjika, nusu yake haipo. Shemeji ndiye aliyeiokota ile nusu kwenye maji ya mafuta. "Shemeji, umedondosha kitu," akasema, na nikamtukana kwa mdomo uliojaa damu. Lakini alikuwa ameshapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya sare, ameniegemeza kichwa begani, na alikuwa akinifuta damu kwa leso yake mwenyewe. Sikulitegemea hilo kwake.

Jioni binti alinimulika mdomoni kwa tochi ya simu. Hakusema pole. Alisema, "Fungua zaidi. Geukia kwenye mwanga. Ukivuta hewa unasikia baridi inachoma?" Inachoma. "Basi mshipa umeguswa. Usile cha moto, usile cha baridi, usiliguse kwa ulimi. Kesho kutwa uko kwa daktari." Ilikuwa sauti nisiyoijua, nami nikatii.

Mvua ilinyesha mpaka usiku.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari wa meno ni mwanamke wa maneno machache. Alipiga picha ya jino, akanionyesha ufa ulivyofika kwenye mshipa. Njia mbili. Ya kwanza, kung'oa na kunipa jino la kuvaa na kuvua. Ya pili, kusafisha mzizi mpaka chini, kuuziba, kisha kulivisha jino kofia, yaani ganda gumu la umbo la jino linalofunika kisiki kilichobaki. Kwa leo aliweka dawa na kuziba kwa muda.

Halafu mimi na mke wangu tukapelekwa kwa mama wa dirisha la bima. Nimempa jina Mama Kibali, kwa sababu neno hilo halimwishi mdomoni. Aliigeuza kadi yangu mara mbili.

"Kadi hii unayo tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu manispaa itupe. Miaka tisa."

"Umeitumia mara ngapi kwa meno?"

"Sijawahi kuumwa."

"Hawakukuambia usubiri kuumwa. Kuchunguzwa na kukwanguliwa ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, mara mbili kwa mwaka wanalipa kila kitu. Miaka tisa umewasamehe." Alivuta kiti karibu na dirisha. "Sasa sikiliza. Wewe ni mtu wa bendi, utaelewa, kuna sauti tatu. Kuchunguza, kusafisha, kupiga picha: wanalipa wao wote. Kuziba na kung'oa: wao nane kwa kumi, wewe mbili. Kutibu mzizi na kuvisha kofia: nusu yao, nusu yako, na hawatoi hata senti bila kibali cha mapema. Urembo hawaugusi. Na kuna kikomo cha mwaka, mkikifikia, tunaonana mwakani."

"Na hilo la kuvaa na kuvua?" mke wangu akauliza.

"Hilo lingepita haraka, mama. Na fungu lenu lingekuwa dogo."

Mke wangu akanitazama. Nikamwomba daktari, aliyekuwa anapita na glavu mkononi, aniambie jino la namna hiyo litafanyaje nikipuliza kwa nguvu. "Litacheza," akasema. "Siku moja utalimeza."

Tukachagua kofia. Mke wangu alisema nusu yetu tutaibeba, kwa sababu ameishi na hiyo tarumbeta muda mrefu na hataki kuja kuishi na mtu aliyeiacha.

Jumanne, 19 Machi

Sipulizi. Kiongozi wa bendi amesema shemeji afanye mazoezi ya ule wimbo wa roshani "kwa tahadhari tu". Nimekaa kiti changu na tarumbeta mapajani.

Ijumaa, 22 Machi

Bima wamekataa. Sababu: kofia kwenye jino la mbele ni urembo.

Mimi! Urembo! Nilikwenda kliniki kwa miguu na mvua yote ile ili hasira isipoe njiani. Mama Kibali aliniacha nikamaliza. Kisha akacheka, si kwa dharau.

"Hawajakukataa wewe, mzee wangu. Wamekataa maneno. Tuliwaandikia 'kofia, jino la mbele', nao wanapelekewa hayo kila siku na watu wanaotaka tabasamu la kwenye televisheni. Hatukuwaambia ulianguka. Tutawapelekea picha, siku uliyoanguka, na maelezo ya daktari kwamba mshipa umefikiwa na kuziba peke yake hakutoshi. Jino lililovunjika kwa ajali ni tiba. Tunawaambia kwa adabu, tunasubiri."

"Na wakikataa tena?"

"Tunawaambia kwa adabu zaidi. Mimi sichoki kabla yao."

Nilirudi nyumbani nikimheshimu. Nilidhani watu wa madirishani wako pale kutuzuia.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Uji tu.

Ijumaa, 29 Machi

Kibali kimetoka, mzizi na kofia. Mama Kibali alinipigia simu mwenyewe, na nyuma yake nikasikia mtu akipiga vigelegele. Nadhani ni mfagiaji.

Jumanne, 2 Aprili

Leo mzizi. Usiku sikulala kwa hofu. Sasa naandika kwa ajili ya waoga wenzangu: sindano ya ganzi inauma kidogo kama mwiba, na baada ya hapo hakuna kitu. Daktari alitoboa jino kwa nyuma, akaingiza visindano vyembamba kimoja baada ya kingine, akikwangua na kuosha, akipima urefu kwa picha asizidi wala asipunguze. Kisha akaziba mpaka ncha ya chini. Nilisinzia mdomo wazi. Aibu ilikuja baadaye, nilipokunywa chai na nusu ikashuka kwenye shati bila mimi kujua. Shemeji alikuwepo.

"Shemeji, kikombe kinavuja au ni wewe?"

Jumanne, 9 Aprili

Daktari amelichonga jino likabaki kisiki kidogo, akachukua umbo lake kwa ule uji wa waridi, akanivisha kofia ya muda. Kumbe kofia yenyewe itatengenezwa na binti yangu. Aliiomba kwa fundi mkuu wake. Ndiyo ya kwanza atakayoifanya peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kofia hiyo fundi mkuu ataamua kama anamwajiri kabisa au muda wake wa majaribio ukiisha aende zake.

Alikuja na vijiti vya rangi, akanisimamisha dirishani na kuvilinganisha na meno yangu, kimoja kimoja, amekunja uso.

"Meno yako yana rangi ya chai, Baba."

"Ni chai ya maisha mazima. Ina heshima yake."

"Nitaiweka yote," akasema.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepita maabara kumwachia mwavuli. Sikuingia. Kupitia kioo cha mlango nilimwona ameinama kwenye taa, ana brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu, anapaka rangi kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, anakitazama, anakifuta, anaanza upya. Nilikaa pale muda mrefu. Mwavuli nikarudi nao nyumbani.

Ijumaa, 19 Aprili

Nina jino.

Sijui niandike nini. Daktari alinipa kioo na sikujua lipi ni lipi, isipokuwa kwa jambo moja: limenyooka. Chai yangu imo, mpaka ufa mwembamba wa uzee amenichorea, lakini limesimama sawasawa na wenzake. Binti alikuwa kando ya kiti, mikono nyuma.

"Nimekunyooshea, Baba. Sasa utapiga picha."

Nilitokwa machozi palepale kwenye kiti, na bibi kizee aliyekuwa anasubiri zamu yake akadhani nimeumizwa, akataka kuondoka.

Daktari amelibandika kwa saruji ya muda, ufizi upone kwanza. Mwezi ujao, tarehe kumi na saba, atalibandika moja kwa moja. Mama Kibali akanieleza: "Siku hiyo ndiyo tunawadai bima. Wakishalipa, mlango umefungwa. Kofia nyingine kwa jino hilohilo ni baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kama kuna kinachokukera, sema kabla."

Nikamwambia hakuna hata kimoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Sauti haitoki.

Chini inatoka. Kati inatoka. Nikipanda, upepo unachoropoka upande wa kulia wa mdomo, na ile noti ya juu inakuwa filimbi ya birika. Nimebadili kukaa, nimebadili kusimama. Kiongozi kasema ni wiki nyingi za kukaa bila kupuliza. Nikakubali.

Jumatano, 24 Aprili

Bado.

Jumamosi, 27 Aprili

Si wiki za kukaa bure. Leo nimejifungia stoo ya ukumbi, nikaweka kikombe cha kupulizia, kile kipande cha tarumbeta kinachogusa midomo, mdomoni polepole, nikafumba macho. Maisha yangu yote ukingo wake ulikuwa unalala kwenye ile kona ya jino lililogeuka, mdomo umeshikwa hapo, nami napanda. Kona hiyo haipo. Kikombe kinateleza kwenye kitu kizuri, laini, kilichonyooka.

Kumbe jino nililolifichia mdomo kwenye kila picha ndilo lililokuwa likipanda na mimi.

Jumanne, 30 Aprili

Fundi mkuu amepiga picha ya jino langu, ameibandika kwenye ukuta wa maabara. Binti kanionyesha kwenye simu. Mke wangu kamwonyesha jirani, jirani kawaonyesha watoto wake. Binti anatembea nyumbani akiimba. Mvua imebomoa ukingo wa mtaro mbele ya nyumba.

Jumamosi, 4 Mei

Nimemwambia kiongozi kwamba mapafu yamechoka na wimbo wa roshani apewe shemeji. Nilitegemea shemeji aruke. Alinifuata nje hadi kwenye magari ya taka.

"Mapafu gani?"

"Yangu."

"Jana umepanda na gunia la mchele ghorofani bila kutweta. Shemeji, mimi nasubiri uugue, sisubiri unidanganye."

Nikamwambia ashike kiti chake, huo ndio wimbo alioutaka. Akasema hajawahi kuutaka, alichotaka ni kunisumbua, na kazi hiyo ameifanya kwa bidii. Halafu akarudi ndani akapiga vibaya, na si kwa makusudi. Noti ya juu ilimvunjikia mara zote. Mimi ndiye niliyepaswa kufurahi na sikufurahi.

Nimeamua hivi, na naliandika lisije likabadilika: tarehe kumi na saba nitafungua mdomo, daktari atabandika, na binti yangu ataajiriwa kwa jino zuri kuliko yote niliyopata kuyaona. Noti moja si kitu.

Jumatano, 8 Mei

Noti moja ni kitu. Lakini nimeshaamua.

Jumapili, 12 Mei

Dhoruba. Umeme ulikatika mchana. Binti alikuja kula na sisi, akatega sikio, akasema, "Mbona nyumba hii haina sauti?"

"Mvua yote hiyo huisikii?" nikasema.

"Baba yako hapulizi tena nyumbani," mke wangu akasema, akiangalia sahani yake. Alikuwa anajua. Sijui tangu lini.

Binti akainuka, akanitolea tarumbeta sandukuni. "Nipigie ule wa roshani."

Nikasema ufizi. Akasema ufizi umepona, yeye ameuona. Nikasema majirani. Akasema kwa mvua hii majirani hawasikii hata wakiitwa. Basi nikapuliza. Nilianza chini, nikapanda, na kabla sijafika juu akainua mkono.

"Pumzi inatokea kulia."

"Umri, mwanangu."

Alikwenda dirishani, akaking'oa kile kinywa cha plasta. Dirisha likafunguka kwa kishindo, pazia likaruka, mvua ikaingia mpaka kwenye kochi, na mama yake akakimbilia kulishika. Binti hakujali. Alichomoa kikombe cha kupulizia kwenye tarumbeta yangu, akakiweka juu ya meno ya plasta, kwenye ile kona. Kikatulia. Kisha akaja akakiweka kwenye meno yangu, kwa mkono mwepesi. Kikacheza. Akarudia. Plasta, mimi. Plasta, mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na Ijumaa ungeacha libandikwe?"

"Ndiyo."

"Miaka mitano?"

"Hata zaidi."

"Kwa nini, Baba?"

Nikamwambia ukweli. Kwa sababu amelitengeneza yeye. Kwa sababu lipo ukutani. Kwa sababu nilimwona kwenye kioo cha mlango, nikajua sijawahi kushika kitu chochote kwa uangalifu kama ule, isipokuwa siku ile kwenye ngazi.

Nilidhani atalia. Alikasirika. Alikasirika kweli, akasimama katikati ya sebule na kinywa changu mkononi.

"Mimi sijakutengenezea pambo! Jino ni la kufanya kazi. Kama halifanyi kazi, basi sijamaliza, na wewe umeniacha nitembee mtaani nikisifiwa kwa kazi ambayo sijaimaliza. Unanidharau, Baba?"

Sijui nielezeje. Hayo ndiyo maneno ambayo mimi ningeyasema. Yale yale, kwa ukali ule ule, na kidevu kikiwa juu hivyo hivyo. Nilimtazama binti yangu nikajiona, nikajaa fahari mpaka nikashindwa kumwomba radhi vizuri. Mama yake, amelowa chepechepe, akauliza kama kuna mtu atamsaidia kushika dirisha.

Ijumaa, 17 Mei

Hatukubandika. Binti alimwambia daktari, daktari akatikisa kichwa kukubali, akaahirisha wiki moja.

Mama Kibali nilimwendea kwa hofu. Kibali kilikuwa cha kofia moja. Je, kuna kofia ya pili?

"Umebandikiwa?"

"Hapana."

"Basi hakuna ya pili. Bima haihesabu umejaribu mangapi, mzee wangu. Inalipia litakalobaki kinywani." Kisha akanikazia macho. "Nilikuambia useme."

Ugumu ulikuwa kwa fundi mkuu. Binti kanisimulia. Alimwambia anataka kuifanya upya, na safari hii iwe imegeuka, kama ilivyo kwenye plasta. Fundi mkuu, mzee wa miaka thelathini kwenye kazi hiyo, akauliza kama amesikia sawasawa: itoe maabara yake jino lililopinda, tena kwa kusudi? Na wakati wake wa majaribio unakwisha mwisho wa mwezi? Binti akamjibu kwamba lililonyooka linampendeza kila mtu isipokuwa anayelitumia. Akaambiwa afanye baada ya saa za kazi, na matokeo yake ayabebe mwenyewe.

Akaibandua ile picha ukutani yeye mwenyewe.

Jumanne, 21 Mei

Mvua nyepesi. Hajaja kula. Mama yake kampelekea chakula maabara, akamkuta na kinywa changu cha plasta mezani, anakipima kwa kijiti. Kwa sasa dirisha tunalibana kwa tofali.

Ijumaa, 24 Mei

Nilikwenda kliniki na tarumbeta. Binti alisema haibandikwi saruji ya kudumu mpaka ijaribiwe, na daktari hakupinga. Kwenye chumba cha kungojea walikuwa watu tisa au kumi, wameshika mashavu.

Jino lilikuwa limegeuka. Ilikuwa ile kona yangu, ileile, na chai yake. Nilikaa kwenye kile kiti cha kulalia, kitambaa cha karatasi shingoni, taa usoni, nikaweka kikombe mdomoni. Kililala. Niliwahi kurudi nyumbani baada ya safari ndefu nikakuta ufunguo wangu bado unafungua mlango, ndivyo nilivyojisikia.

Nilianza chini ili nisiwashtue wagonjwa. Nikapanda. Binti alikuwa amesimama miguuni pangu, kichwa upande, na hakuinua mkono. Nikafika juu, nikaishika ile noti, nikaishika, na mtambo wa kuchongea wa daktari mwingine ukanyamaza chumba cha pili. Nilipoishusha, kule nje watu wakapiga makofi, na mmoja akauliza kama hiyo ndiyo huduma ya ganzi.

Fundi mkuu alikuwa mlangoni, aproni imejaa vumbi jeupe. Hakunitazama mimi. Alimwomba binti amletee ile plasta, akaifananisha na mdomo wangu kona kwa kona, akitumia miwani yake ya kukuzia, muda mrefu.

"Kunyoosha nilikufundisha," akamwambia. "Hili sikukufundisha." Kisha kwa daktari, "Libandike."

Daktari akabandika. Mama Kibali akawapelekea bima madai yao mchana huohuo, akanipa tarehe ya kuja kukwanguliwa ugaga, ambayo wanailipia yote, na akasema nisipokuja atanifuata mazoezini.

Ijumaa, 31 Mei

Ameajiriwa. Mvua imekoma tangu jana. Shemeji amenirudishia wimbo mbele ya bendi nzima, amepiga goti kwa mzaha, kisha akaninong'oneza, "Sasa naomba urudi kuwa mzima ili niendelee kusubiri."

Jumamosi, 1 Juni

Roshani. Anga safi, majani ya bustani bado yanadondosha maji. Watu walijaa hadi barabarani. Wauza karanga walinyamaza mapema.

Sitaandika jinsi nilivyopiga. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo watasikia kwa shemeji, ambaye safari hii sina haja ya kumsahihisha. Nitaandika tu kwamba nilipoifikia ile noti nilitazama chini, nikamwona binti yangu katikati ya umati. Wote walikuwa wametazama juu. Yeye alikuwa amefumba macho, anasikiliza, kama alipokuwa na miaka saba kule chumbani kwake. Noti ilipokwisha alitikisa kichwa mara moja kukubali: sikuteleza.

Baadaye mpiga picha wa manispaa akatupanga kwenye ngazi. Mke wangu kushoto, binti kulia, shemeji nyuma akinichokonoa mbavu. "Mzee, kama kawaida, mdomo umefungwa?" mpiga picha akauliza. Ananijua miaka mingi.

Nikamwambia asubiri. Nikageuza uso kidogo, upande wa kulia, ili mwanga uangukie pale panapostahili, na nikaufungua mdomo wote.

"Hilo la mbele," nikamwambia, "hakikisha limeonekana. Ni kazi ya huyu binti."